Likitunguliwa Linaangukia Wapi

Nimefundisha fizikia Ifakara miaka kumi na nne, na kwa muda wote huo mama hakuwahi kuniuliza swali hata moja la fizikia. Alianza mwaka ule makombora yalipokuwa yakiruka juu ya mji mmoja wa nchi za Ghuba ambako mdogo wangu alikuwa akifanya kazi za ndani.

Jumamosi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba makombora yote yametunguliwa. Mimi nilimshukuru Mungu. Mama alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa kuwinga ndege mpunga unapokaribia kuiva. Aligeuka akaniangalia.

"Yametunguliwa, yakaangukia wapi?"

Kwetu Idete kutungua ni neno la maembe. Kabla hujarusha fimbo unapiga kelele kwanza, walio chini wasogee. Mama alitaka kujua ni nani aliyepiga kelele.

Nilikasirika kidogo, nasema kweli. Nilikuwa nimetoka mjini kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, nimekuja kumtoa wasiwasi, naye ananitahini. Lakini sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu huwa sikaliki. Niliporudi Ifakara nikaanza kusoma.

Nilisoma wiki nzima, simu mkononi mpaka wali ukaungua. Nilinogewa. Naona aibu kuliandika hilo, maana mdogo wangu alikuwa chini ya vitu hivyohivyo, lakini nilinogewa. Rada inaliona kombora likiwa bado mbali sana. Kompyuta inapiga hesabu ya njia yake, na kwa makombora mengi hesabu yenyewe inaanzia palepale kwenye jiwe lililorushwa ninalowachorea kidato cha tano. Kisha kombora jingine linatumwa likakutane nalo hukohuko angani, yote mawili yakienda kasi kuliko risasi. Nilipolichora hilo ubaoni, darasa ambalo kila siku hupiga soga lilinyamaza kimya. Hata mkorofi wa dirishani aliuliza swali.

Katika ofisi ya walimu, kwenye chai na mihogo, nilibishana na mwalimu wa historia. Yeye hana imani na kitu chochote chenye nyaya.

"Madam," alisema, "serikali ikishajua haitapigwa, itaogopa nini kuanzisha vita?"

"Kwa hiyo watu wafe ili viongozi wapate kuogopa?"

"Sijasema hivyo. Nasema adui naye hatalala. Atatengeneza mengi zaidi, tena ya bei rahisi, na zile droni zake, mpaka yale ya kuzuia yaishe ghalani. Halafu?"

Nilimwambia kwamba mtu anayenyeshewa leo huwezi kumnyima mwavuli kwa sababu ya mvua ya mwakani. Akasema mimi nasema mwavuli, yeye anasema vita. Kengele ikatuokoa wote wawili. Sikushinda, ingawa sauti yangu ndiyo iliyosikika mpaka kwa mkuu wa shule.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mama yote niliyoyasoma. Alinisikiliza huku mkono ukiwa kwenye kamba. Kamba yake imefungwa madebe matupu katikati ya shamba. Akiivuta, madebe yanagongana na ndege wanaruka. Hilo la kuishiwa makombora ya kuzuia alilielewa kabla sijamaliza.

"Kwelea kwelea ndivyo wanavyofanya," alisema. "Wanakuja wengi wengi mpaka mkono unachoka. Tena ukiwafukuza kwako, wanatua kwa jirani."

Sijawahi kupata mwanafunzi mzuri namna ile. Nikamwongezea lile nililoliona zuri kuliko yote: kwamba kuna mitambo ambayo haipotezi kombora bure. Hesabu ikionyesha kwamba linaloingia litaanguka mahali patupu, linaachwa lianguke.

"Nani amewaambia pale ni patupu?"

"Ramani, mama."

"Na mwanangu yumo kwenye ramani?"

Nilicheka. Nikamwambia nyumba zote zimo.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, mdogo wangu alipiga simu kama kawaida yake ya Jumapili. Alikuwa amebakiza miezi minne ya mkataba. Tangu mwanzo aliniuliza kama avumilie au arudi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nami nilimwambia avumilie, mitambo yao ni ya uhakika. Safari hii nilimuuliza mengi. Mwanga ulikuwa wa rangi gani? Mweupe, halafu wa machungwa. Milio mingapi? Sita. Kati ya mwanga na mlio, sekunde ngapi? Hilo nilikuwa nimemwagiza mapema ahesabu.

"Kumi na tano, dada."

Nikapiga hesabu papo hapo kwa mwendo wa sauti. "Kilomita tano. Mbali hiyo! Usiogope."

Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu. Hakusubiri hata shikamoo iishe.

"King'ora kikilia, unakaa wapi?"

Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilisikia kila neno.

"Wao wanashuka chumba cha chini, mama. Kile kisicho na madirisha. Hakina nafasi. Mimi nakaa kwenye ngazi."

"Ngazi ya ndani?"

"Ya nje. Ya kwendea juu tunakoanika nguo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini aliweza kunihesabia sekunde. Waliokuwa chumba cha chini hawakuona mwanga wala rangi yake. Majibu yote niliyoyafurahia, alikuwa akiyatoa nje, kichwa wazi, chini ya vile vipande ambavyo mama aliviulizia tangu siku ya kwanza. Mama alinirudishia simu. Kumwambia avumilie nilimwambia mimi, basi na hili nilipaswa kulisema mimi.

"Rudi," nikasema. "Nilikosea."

Anga lilifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Alifika siku ya kumi na mbili, amekonda, na begi moja. Kesho yake asubuhi alisema hataki kubaki nyumbani peke yake, tukaenda naye shambani sote watatu. Alikaa juu ya dungu akiegemea mti, anaangalia juu tu.

Kwelea kwelea wakashuka, kundi zima. Mama akaishika kamba ya madebe. Akamtazama mdogo wangu, akaiachia. Alifungua kitenge kiunoni akaanza kukipunga, nami nikapunga mtandio wangu. Ndege hawaogopi vitambaa. Mama yangu, ambaye punje moja ikianguka njiani huinama kuiokota, aliwaacha wakala mpunga wetu mpaka jioni, na hatukupiga debe hata mara moja.