Unga Tuliopakwa Siku ya Picha

Mashine ya kusaga ya baba yangu pale Nyantakara ilikuwa na harufu mbili, ya dizeli na ya unga wa moto, na mpaka leo nikipita karibu na mashine yoyote pua inanikumbusha kwetu, halafu naona aibu. Wenzangu wanaikumbuka mashine ile kwa kelele zake. Mimi ninayoikumbuka zaidi ni siku ambayo haikutoa sauti hata kidogo, siku aliyokuja mpiga picha.

Injini ilikuwa imekufa baada ya mavuno. Baba alihamia pale kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, akawauza karibu wote ili anunue mashine ile, na sasa hakuwa na namna ya kuitengeneza. Ndipo ikaja habari kwamba mradi fulani unataka kusaidia wafanyabiashara wadogo, na utamtuma mtu ashinde kwa kila mmoja wao akipiga picha za kazi yake kutwa. Baba aliamini kitu ambacho kwetu kila mtu alikiamini, kwamba picha ni ya kuonyesha mazuri. Kupigwa picha ukiwa na shida zako ilikuwa sawa na kumpokea mgeni nyumba haijafagiliwa. Basi tukavaa nguo za kanisani. Majirani wakaombwa waje na ndoo wapange foleni. Kisha baba akamwagiza mama alete unga wa ugali wa jioni, akaunyunyiza juu ya mashine, akatupaka sisi watoto kwenye nywele na mabega ili tuonekane tumesaga tangu alfajiri. Mama alisimama na ungo mkononi akitazama unga wake ukidondoka chini.

Mpiga picha alikuwa dada mpole kutoka Bukoba. Alimwamkia baba shikamoo, akatutania kwa weupe wetu, halafu akauliza mbona mashine iko kimya. "Tumesaga tangu alfajiri, mwanangu," baba akamjibu. "Tunaipumzisha ipoe." Dada akaamini, maana mashine hakuzijua. Baba akamimina pumba juu, akashika gunia chini kama linajaa, na dada alipoinamia kamera yake, baba akatunong'oneza, "Picha haisikii." Nilitamani ardhi ipasuke.

Majirani walijua mchezo wenyewe. Asiyejua alikuwa Mama Kulwa, aliyetoka upande wa Kaniha na ndoo ya mahindi kichwani. Alipoona foleni alifurahi mno, akadhani mashine imepona, akatua ndoo yake nyuma ya wenzake akicheka, na dada akampiga picha palepale, mimi nikiwa kando nimeinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia. Mchana aliniita, "Milembe mwanangu, bado haijapoa?" Nilimtazama baba, baba akanikazia macho. Nikasema sijui, nikainamisha kichwa. Mama Kulwa akakaa chini kusubiri, na akasubiri mpaka pikipiki iliyomchukua dada ikaondoka na jua likaanza kuzama.

Hapo baba alilazimika kusema ukweli. Mama Kulwa hakugomba, na laiti angegomba. Alisema tu, "Baba Milembe, ungeniambia asubuhi. Ningetwanga." Mama yangu akakimbilia ndani ampimie unga kidogo wa kwetu apeleke kwa watoto, akatoka na ungo mtupu, kwa sababu unga wenyewe ulikuwa kwenye nywele zetu. Mama Kulwa akajitwisha mahindi yake, akaondoka. Sisi jioni ile tulichemsha viazi, tukala bila kuangaliana.

Majibu yalipokuja yalikuja na dada yuleyule, amebeba picha kwenye fremu. Alikuwa na furaha. "Baba, kwako kazi inakwenda vizuri, wateja wamejaa," alisema. "Msaada tumewapa ambao mashine zao zimekufa." Baba alisimama ameishika ile fremu. Nilidhani angesema, nikamwomba Mungu aseme, kwa kuwa lilikuwa neno moja tu. Akasema asante sana, akamkaribisha uji. Injini ile iliondoka nyumbani kwa kilo, kwa watu wa vyuma chakavu.

Siku hizi Nyantakara kuna mashine za umeme, na wanangu wanajipiga picha kwa simu wakiwa na usingizi, wakiwa na mafua, wakiwa wamenuna, kisha wanazituma kwa watu bila wasiwasi wowote. Nawaonea wivu. Likizo iliyopita binti yangu alimrekodi babu yake akisimulia ile picha, ambayo bado ipo ukutani. Baba amezeeka. Alisimulia jinsi tulivyosaga mpaka jioni, akanguruma kwa mdomo kuigiza injini, na watoto wakacheka. Halafu akanigeukia. "Au siyo, Milembe?" Simu nayo ikanigeukia. Nikasema ndiyo baba, tulisaga sana, nikainamisha kichwa vilevile kama nilivyoinamisha kwenye picha pale ukutani, ambapo Mama Kulwa bado anacheka na ndoo yake, akingoja ipoe.