Bakteria Waliosahau Kuua

Bakteria wa mnyauko sijawahi kuwachukia. Nimeishi nao miaka mingi katika maabara ya chuo kule Tunguu, nimewalisha, nimewatafutia joto kama vifaranga, na sijapata kudhani kwamba wana ubaya wowote na mimi. Ubaya niliukuta kwa watu, tena watu wa nyumbani.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu tangu udogo wetu Mji Mkongwe. Tulisoma pamoja, tukaingia maabara pamoja, kisha akaolewa na kaka yangu, akawa wifi yangu. Biriani ya harusi yake niliisimamia mimi. Mama alimpenda kuliko anavyonipenda mimi, na wala hakuficha. Tulitaniana kama mawifi wanavyotaniana, na kazi tukagawana: mimi nikichunguza jeni za bakteria, yeye akijaribu mbegu za nyanya aone ipi inauhimili mnyauko.

Bakteria hawa wana tabia inayonistaajabisha mpaka leo. Wakiingia kwenye mzizi wa mnyanya wakiwa wachache, hawafanyi fujo. Wanakaa kimya ndani ya mishipa ya maji, wanakula, wanazaana, na kila mmoja anatoa kemikali kidogo kuwajulisha wenzake kwamba yupo. Kemikali ikishakolea, maana yake wameshakuwa wengi, na hapo jeni moja kubwa huamka na kuziamsha nyingine zinazoleta ugonjwa. Ndipo wanapotengeneza ute mzito. Mishipa inaziba, na mnyanya uliokuwa mzuri jana unalala, majani yake bado ya kijani.

Lakini ukiwakuza maabara muda mrefu, ukiwahamisha kutoka sahani hii kwenda ile bila kuwaonjesha mmea, ile jeni kubwa huharibika. Wanabaki hai, wanazaana vizuri, ila wamesahau kuua. Kuwatambua si kazi. Tunawakuza kwenye chakula kilichotiwa rangi. Wauaji hufanya madoa meupe yanayochuruzika, yenye wekundu mdogo katikati, machafu machafu hivi. Waliosahau hufanya vidoa vyekundu, vya mviringo, safi. Mwanafunzi mgeni daima huchota vile vyekundu kwa sababu vinapendeza macho. Wifi yangu hakuwa mgeni. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakanya wageni wasivichote.

Alipomaliza majaribio alitangaza kwamba amepata mbegu isiyonyauka. Nyanya za kawaida alizozipanda pembeni ili kulinganisha, alisema zimekufa zote. Akatetea kazi yake, akapewa shahada, na sisi tukamsherehekea. Mama akafurahi kupita sote. Tangu baba afariki anaishi kwa kishamba chake cha Bububu, na mnyauko ulikuwa umeshamfanya aache nyanya, alime mchicha tu. Alimwomba mkwewe miche ya mbegu ile. Wifi akampelekea mwenyewe, trei kwa trei, na mama akapanda shamba zima kusudi avune Ramadhani. Mchicha wote aliung'oa.

Nyanya zilistawi. Zilipoanza kutoa maua, zikaanza kulala. Mama alinipigia simu, hakusema mengi, alitaka tu niende nikaone. Nilikata shina moja nikalitumbukiza kwenye gilasi ya maji, na ute mweupe ukashuka kama uzi wa maziwa. Akaniuliza kama ipo dawa. Nikamwambia hakuna. Alitingisha kichwa, akavua kanga ya mabega, akaanza kuing'oa miche mmoja mmoja, taratibu, na mimi sikuweza kumtazama.

Lile shina nililichukua hadi Tunguu. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba bakteria wa Bububu ni wakali zaidi kuliko wale wifi aliowatumia, na kwamba hapa pana jambo la kumsaidia yeye na mama pia. Nikawakuza wa shambani, nikawakuza na wake aliowahifadhi kwenye friji, ili nilinganishe jeni zao. Sahani ya shambani ilijaa madoa meupe yenye ute. Ya wifi ilikuwa nyekundu tupu.

Nilimwita nikamwonyesha. Aliitazama, akavua glavu zake polepole.

"Nlijua," akasema. "Zile za pembeni hazikufa hata moja. Ningeanza upya nisingemaliza."

Nikamuuliza, na mama? Akanijibu kwamba alitaraji udongo wa Bububu umeshasafika. Udongo uleule uliomfukuza mama kwenye nyanya! Mtu aliyekula kwa mkono wa mama yangu, anayeitwa mwanangu asubuhi na jioni, alimbebea miche kwa mikono yake huku akijua kwamba haijajaribiwa na chochote.

Sikutaka mama ayasikie kwangu. Nilikwenda Bububu siku hiyohiyo nikijua kwamba kaka atakuwepo, nikamkuta amekaa barazani, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: sahani, vidoa vyekundu, uongo wa zile nyanya za pembeni. Nilitaka yeye, mtoto wa kiume wa mama, akamkabili mkewe, kisha tuone vipi tutamwambia mama. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kushtuka. Kule kutoshtuka ndiko kulikoanza kunitia baridi.

"Nnayajua," akasema. "Alinambia kabla mama hajapanda. Mimi ndiye nliyemwambia anyamaze, apate shahada yake kwanza."

Kutoka ndani mama akamwita, chakula kishapakuliwa.

"Naam, mama," akaitika. Akaingia, akakaa mkekani ubavuni mwake, na mama akamchagulia kipande kikubwa cha samaki.