Blanketi Juu ya Kioo

Mume wangu alikuwa bwana samaki. Alipohamishwa kutoka Kigoma kuja Kasulu, kuwafundisha wakulima kuchimba mabwawa, alikuja na ndoo mbili zilizofunikwa kitambaa kibichi. Ndani mlikuwa na samaki kumi na wawili wa ziwani, wadogo kama kidole, wenye milia ya buluu. Akaunda tangi kwa vioo vya dirisha, akapanga ndani mawe aliyoyaokota ufukweni, yakasimama kama mwamba waliouzoea.

Shida ilikuwa baridi. Maji ya ziwa yana joto mwaka mzima, lakini Kasulu, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ukisema neno mvuke unatoka mdomoni. Umeme hatukuwa nao. Basi tangi alilikalisha juu ya matofali, chini akaacha nafasi ya kandili, na kati ya kandili na kioo akaweka bati lenye mchanga ili joto lipande polepole na kioo kisipasuke. Mwanga ulitoka dirisha la mashariki: jua la saa moja mpaka saa tatu, kisha pazia. Jua likizidi, maji yanageuka kijani. Likipungua, majani ya majini yanaoza. Na kila asubuhi na jioni alichota maji kwa jagi akayamimina kutoka juu, yapate hewa. Si kazi ngumu, aliniambia. Ukiweka kiganja kwenye kioo usihisi baridi wala moto, umefaulu. Mimi ni mwalimu, na bado sijaona mtu aliyeeleza vizuri kama yeye.

Mwezi wa tano alishikwa na homa, akalazwa siku sita, akafariki. Tulimzika kwao Muyama. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Baada ya matanga mama yake akaja kukaa nami, akisema nyumba ya mtu mmoja haina maongezi.

Siku ya kwanza aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Haliwi hata mmoja?"

"Hawaliwi, mama. Ni wa kutazama."

"Nimemsomesha mtoto kwa ndizi zangu, kumbe anasomea kutazama mboga."

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Tangu siku hiyo kila asubuhi alivuta kigoda, akawasalimia kwa Kiha mmoja mmoja. Hakuna aliyelisema, lakini sote wawili tulijua: maadamu wale samaki wanaogelea, kuna kazi ya mikono ya marehemu ambayo haijasimama.

Mwezi wa saba niliitwa Kibondo kwenye semina ya walimu, siku tatu. Nilimwonyesha mama kandili, pazia na jagi. Alinisikiliza vizuri.

Niliporudi, vumbi la malori ya mahindi ya wakimbizi limenijaa hadi kwenye kope, nilimkuta kwenye kigoda chake. Tangi halikuonekana. Lilikuwa limefungwa blanketi la mwanawe, na pembeni limezibwa kwa majani ya migomba, sawasawa na wanavyofunika shimo la kuivishia ndizi kule Muyama.

"Baridi ya juzi ilikuwa kali, mwanangu. Niliwaona wamejikunja kwenye mawe. Nikawafunika. Usifunue sana, watapigwa na upepo."

Nilifunua. Harufu ya mafuta ya taa ikanipanda puani. Kioo kilikuwa cha moto. Wote kumi na wawili walikuwa wanaelea.

Jibu nilikuwa nalo lote. Maji yakipata joto sana hewa hupungua ndani yake. Blanketi limezuia nyingine isiingie. Na majani ya majini, yakikosa mwanga, huacha kutoa hewa, huanza na yenyewe kuitumia. Ningemwambia mwanafunzi yeyote, taratibu, mpaka aelewe.

Mama alisimama, akashika ukingo wa tangi kwa mikono miwili.

"Ni baridi imewaua?"

Nilitazama mikono ile. Miezi miwili kabla ilikuwa imemfunika mwanawe wakati wa homa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Baridi ya mwaka huu imezidi."

Akatikisa kichwa, akaliokota blanketi sakafuni, akaanza kulikunja, pembe kwa pembe.

"Ningeweka mawili," akasema.