Sauti Aliyoikataa Ami

Juzi jioni nilikuwa nimekaa ufukweni Mama Ngina nakula mihogo ya pilipili na ndimu, mara redio ya muuzaji ikamtoa binti wa ami yangu akisoma habari. Huenda nawe wamjua kwa sauti. Nikamwomba muuzaji abadilishe stesheni. Akanitazama. "Mama, huyu ndiye msomaji bora Pwani nzima." Nikamwambia najua, na bado abadilishe.

Sisi tulikaa Mji wa Kale, ndani kabisa vichochoroni, ambapo jirani akikaanga vitunguu vya pilau wewe ndiye unayepiga chafya. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukawa chini ya ami, nduguye baba. Asubuhi nyanya akikaanga mahamri, harufu ya iliki ikijaa nyumba, mimi nikikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi ya mbaazi na kumwigiza msomaji wa redio. Majirani waliniuliza kupitia madirishani, "Haya, leo kuna habari gani?" Nami niliwapa: samaki wamepanda bei Marikiti, paka wa msikitini amechumbiwa Lamu. Nyanya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Alikuwa akisema Mungu amenitia asali kooni.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja nyumbani, amefunga tai kwa heshima. Kituo cha redio kilitafuta mtoto wa kusoma hadithi kila Jumamosi, naye alikuwa amenitaja mimi. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiza.

"Mwalimu, twakushukuru," ami alisema. "Lakini sauti ya binti wa nyumba hii haitasikizwa vinyozini na mahotelini."

"Ni hadithi za watoto tu, mwanangu," nyanya akasema.

"Mama, nishasema."

Jioni ile aliipandisha redio chumbani kwake, akafunga mlango. Nikakuna nazi kimya, na madirishani wakaacha kuniuliza.

Nilipomaliza shule, ami alinitafutia kazi kwa rafiki yake, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Huko nilipiga chapa nambari za makontena mpaka vidole vikapinda. Kazi ile ilinilisha, sikatai. Lakini hakuna aliyewahi kunyamaza ili anisikize.

Binti yake alizaliwa nikiwa mtu mzima. Alipomaliza chuo akasema ataka redio, na ami mwenyewe akamnunulia viatu vya kwendea usaili, akamsindikiza mpaka mlangoni. Siku aliyosoma mara ya kwanza, redio ilitolewa barazani, imefunguliwa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa napita natoka kazini. Ami akanishika mkono. "Msikize mwanangu, msikize anavyotamka." Nikasikiza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nikawa nangoja.

Mwaka huu binti alipewa tuzo, tukafanya karamu ukumbini Tudor. Ami, sasa mzee wa bakora, alikalishwa mbele. Binti akanikabidhi kipaza sauti. "Dada, sema maneno mawili kwa niaba ya jamaa."

Nikasimama wima, nikaitoa ile sauti yangu ya jikoni. "Zifuatazo ni habari za nyumbani. Msichana mmoja wa Mji wa Kale alizuiwa kusoma hadithi redioni kwa kuwa ni mwanamke. Aliyemzuia alimpeleka binti yake mwenyewe kwenye kazi hiyo hiyo. Yupo hapa nasi, mstari wa mbele."

Ukumbi ulinyamaza. Ami akainua uso.

"Mwanangu, mbona waniaibisha mbele za watu?"

"Ami," nikamjibu, "mbele za watu ndipo nilipotaka kusema tangu utotoni."

Aliondoka ameshikwa mkono. Binti hapokei simu zangu. Jamaa waniambia nikamwombe radhi, mzee hana siku nyingi. Sijaenda, na usiku nalala vizuri.

Nyumba yetu sasa yakodishwa kwa watalii. Jiko la nyanya limekuwa bafu. Nyanya hayupo. Mwalimu alishazikwa kwao bara, na wale wanawake wa madirishani hakuna aliyesalia. Wakati mwingine nataka kumuuliza mtu kama kweli nilikuwa hodari, au tulikuwa twacheka tu. Aliyebaki duniani aliyeisikia sauti ile utotoni mwangu ni ami peke yake. Nami sitakwenda kumuuliza.