Binamu Si Ndugu

Severina Nathanaeli, tabibu wa macho pale Newala, ana ugonjwa mmoja asioutafutia dawa: udadisi. Akikukuta sokoni umenunua samaki, atataka kujua ni wa kukaanga au wa mchuzi, na mgeni ni nani. Majirani humwita Idhaa ya Taifa. Hakasiriki, anauliza tu nani aliyelibuni jina hilo.

Msimu wa kupulizia mikorosho, kila jicho jekundu huingia kwake na maelezo yake mkononi: salfa, ile dawa ya mikorosho. Aliyejigonga mlangoni, salfa. Aliyekesha kilabuni, salfa. Kwa hiyo Fatu alipomleta bintiye Rukaiya, wa darasa la pili, pamoja na mama mkwe wake, Bi. Hajira, Severina alishajua atakachoambiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu haoni ubaoni. Salfa hiyo. Tupe matone twende zetu."

Angewapa, lakini weupe wa macho ya mtoto ulikuwa na ubuluu, kama shuka lililozidishiwa buluu ya kufulia. Tena Rukaiya, kwa kuchoka kusubiri, alikuwa anavipinda vidole kinyumenyume hadi karibu viguse mkono. Severina akamketisha kwenye mashine. Mwanga ulipopita, kioo cha mbele cha jicho kilionekana kimetuna, chembamba kama utando wa maziwa. Salfa ikafukuzwa kazi hapohapo.

Akampigia Daktari Godwin, bingwa wa hospitali ya rufaa.

"Kuna ugonjwa wa nadra wa kurithi," alisema Godwin. "Kofi moja tu linaweza kupasua jicho. Ila mara nyingi mtoto huurithi kutoka pande zote mbili. Wazazi ni ndugu?"

Severina akageuka. "Mama Rukaiya, wewe na mumeo ni ndugu?"

Fatu akawa kama katukanwa. "Nani anaolewa na nduguye?"

"Si ndugu, daktari," Severina akaiambia simu.

"Basi pengine ni mzio, anapekecha macho sana. Mpe matone, arudi baada ya miezi mitatu."

Fatu akawa anahangaika na khanga yake. Bi. Hajira akamchokoza: "Twende, mtoto wa kaka. Uzito huu wa baba yako. Sisi tunalima, yeye kalala kivulini."

Severina hajawahi kuacha sentensi ya mtu impite. Akaiweka chini chupa ya matone.

"Bibi, baba yake Fatu ni kaka yako?"

"Tumbo moja."

"Na mumewe?"

"Mwanangu wa kwanza."

"Sasa mbona mmesema si ndugu?"

Bi. Hajira akamwonea huruma. "Mwanangu, ukoo si kwa mama? Fatu ni wa kwa mama yake, mwanangu wa kwangu. Hao binamu. Binamu si ndugu, binamu ni mke."

Severina, mzaliwa wa Chidya, kusini hukohuko, aliyeponea chupuchupu kuozwa kwa binamu yake Gasper, alilijua hilo tangu utotoni. Ila akishavaa koti jeupe huuliza kwa Kiswahili cha vitabuni, ambamo binamu naye ni ndugu. Akapiga simu tena, akafungua spika, akaeleza.

"Mlete wiki hii tupime unene wa kioo," Godwin alisema, sauti imebadilika. "Avae miwani ya kukinga. Asipigwe, asicheze mpira. Na ndugu zake wa tumbo moja tuwaone."

"Hata mimi nisimzabe?" aliuliza Bi. Hajira.

"Wewe hasa, Bibi," alijibu Severina.

Fatu hakungoja. Alishatoka hadi barazani, simu sikioni.

"Baba Rukaiya, mwanetu Lukmani yuko wapi? Uwanjani? Kamtoe." Akasikiliza. "Hajakosa kitu. Mbebe tu umlete ndani, nakuja kumchukua."