Krismasi Kwenye Maegesho ya Hjulsta

Mpaka leo sijui kama Krismasi ile nilikuwa mwenyeji au mgeni. Nimeuliza watu wawili watatu, na mume wangu nimemuuliza zaidi ya mara moja, na yeye hunijibu kwamba nilikuwa mpishi. Maswali yote magumu huyajibu hivyo.

Mambo yalianza na yeye. Alipostaafu kuendesha mabasi ya mji huu wa Sweden, nami nimeshastaafu uuguzi kwenye hospitali ya Flemingsberg, alisema amechoka kuendesha magari ya watu, sasa anataka kuendesha nyumba yake mwenyewe. Nilicheka nikidhani ni utani. Kumbe mwenzangu ameshakwenda kuliangalia gari. Tukauza fleti yetu ya mtaa wa Hjulsta, ghorofa ya tatu, tulikomlea binti yetu tangu akiwa chekechea, tukanunua husbil, yaani gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, choo, na meza inayogeuka kitanda cha pili ukiisukuma kwa hasira. Kiangazi kizima tulizunguka nalo Sweden. Nilipenda, siwezi kusema uongo. Nilikunywa chai kando ya ziwa nimejifunga kanga, na hakuna aliyenigongea mlango kuomba chochote.

Kisha Desemba ikaingia, na hapo akili yangu ikaanza kuyumba.

Mimi ni mtu wa Machame, mlimani Kilimanjaro. Kwetu Desemba hakuna anayemwalika mtu. Walioko Dar, walioko Mwanza, wote wanapanda mlima, barabara inajaa magari, kila mmoja anarudi kwa baba yake, na nyumba ya baba iko palepale kwenye migomba, na waliotangulia wamezikwa hapohapo. Huwezi kumpigia mtoto wako simu kumwambia karibu nyumbani Krismasi. Atadhani umerukwa na akili, au atadhani kuna msiba. Desturi hiyo niliihamishia Hjulsta bila hata kufikiri. Kila tarehe ishirini na tano, baada ya ibada, sufuria kubwa ilikuwa jikoni na mlango haukufungwa kwa ufunguo. Walikuja Watanzania tuliosoma nao, wakaja Warundi wa kanisani, wakaja Wakongo walioletwa na Warundi. Sikumwalika hata mmoja. Na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuja na mumewe Mswidi na wajukuu wangu wawili wa kike, wamevaa magauni mapya niliyowashonea mimi, ya kitambaa kimoja.

Tarehe ishirini na nne ilikuwa ya Waswidi. Huku sikukuu yenyewe huliwa siku ya mkesha, zawadi zinatolewa jioni ile, na kesho yake nchi nzima inalala. Kwa hiyo mkesha tuliwaachia wakwe zetu, na siku yenyewe ilikuwa yangu. Mpango huu ulikwenda vizuri miaka yote, na hatukuwahi kukaa chini kuuzungumza.

Mwaka ule wa gari binti yangu akapiga simu, akasema safari hii mkesha tuje kwake Hässelby, tuegeshe hapo nje ya nyumba. Nikasema sawa. Nikangoja aseme chochote kuhusu tarehe ishirini na tano. Hakusema. Nami sikusema, kwa sababu sikuona cha kusema: ishirini na tano ni kwangu, anajua. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba na yeye, upande wa pili wa simu, alikuwa akiningoja mimi.

Mkesha ulikuwa mzuri na ulinivuruga kichwa. Nilikalishwa kwenye kochi nyumbani kwa mtoto niliyemzaa, nikaletewa kahawa, nikakatazwa kushika sahani. Nikala samaki wa siki na viazi, nikasifu. Kisha mume wangu akasimama akasema anatoka kidogo kununua gazeti. Nikamuuliza gazeti gani, na maduka yote yamefungwa. Mkwe wangu akanikonyeza. Kumbe ndiyo desturi yao: mwanamume mmoja wa nyumba hutoka kununua gazeti, na akishatoka tu, Baba Krismasi anabisha hodi. Miaka yote ya kukaa nchi hii sikujua, maana mikesha yao sikuwahi kuila. Punde akaingia mzee wa ndevu nyeupe na koti jekundu, anaongea Kiswidi chenye lafudhi ya Machame, akauliza kama nyumba hii ina watoto wema. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka minne, akajificha nyuma yangu. Mkubwa, wa miaka minane, akamtazama yule mzee viatu, akanitazama mimi, akanyamaza kwa adabu. Niliona fahari juu ya ule unyamavu wake.

Kuaga ndiko kulikonishinda. Unawaaga watu, unawabusu, unavaa koti, halafu unavuka ua na kuingia nyumbani kwako, na wao wanakuona dirishani ukilivua lile koti. Mdogo alinipungia mkono. Nami nikapunga. Sikuelewa kama nimeondoka au bado nipo.

Asubuhi na mapema tuliondoka kwenda ibada ya Kiswahili. Nyumba ya binti yangu ilikuwa bado giza, na sikuona sababu ya kuwaamsha watoto. Baada ya ibada mume wangu akawasha gari, akauliza tunaelekea wapi. Nikaliona ni swali la ajabu. Nikamwambia Hjulsta. Akauliza Hjulsta kwa nani. Nikamwambia kwangu. Nikamweleza kwamba watu wangu hawaalikwi, kwa hiyo hawana habari kwamba nyumba imehama, watakuja palepale, basi na nyumba lazima iwe palepale. Kichwani mwangu hesabu hii ilikuwa safi kabisa. Mume wangu akaingiza gia. Tukaenda kuegesha chini ya jengo letu la zamani, kwenye maegesho ya wageni.

Kupika pilau ya halaiki kwenye jiko la gesi lenye mioto miwili ni vita. Madirisha yalijaa mvuke, mume wangu akakatakata kachumbari ubao ukiwa juu ya usukani. Na watu wakaja. Wa kwanza walikuwa mzee mmoja Mkongo na mkewe, na cha kunishangaza, walikuwa wakitokea ndani ya jengo.

“Maman, tulipanda kule juu,” akaniambia, “tukakuta ni batu bengine.”

Aliyenunua fleti, akasema, aliwafungulia kwa upole, akawaonyesha gari letu kutoka dirisha la jikoni. Dirisha langu la jikoni. Nikatikisa kichwa, nikawapakulia. Wakaja wengine, wote wanateremka kutoka juu, wote wanacheka. Waliweza kuingia wachache wachache. Waliobaki walikula wamesimama thelujini na makoti yao, sahani zikifuka moshi, na Waswidi waliokuwa wakitembeza mbwa walipunguza mwendo wakidhani tunauza chakula. Mmoja aliuliza bei. Mume wangu alimpa sahani, akala palepale, mbwa akamsubiri.

Binti yangu hakuja.

Alasiri giza likaanza kuingia kama ilivyo kawaida ya huku. Mume wangu akaniambia nipige simu. Yake ilikuwa imezimika, kwani umeme wa gari tulikuwa tunaubania kwa ajili ya hita. Yangu ilikuwa ndani ya mkoba, nilikuwa nimeiziba sauti tangu kanisani, na sikutaka hata kuigusa. Nilikuwa na hasira. Nimpigie mwanangu nimwambie nini? Karibu? Hilo ni neno la kuambiwa wageni. Siku nitakayomwalika mtoto wangu aje kwa mama yake, nimeshamfanya mtu baki. Niliyasema haya kwa sauti, wageni wakiwa na vijiko mdomoni. Mama mmoja Mrundi, jirani yangu wa zamani, akaniuliza taratibu kama binti yangu anajua nyumba yangu iko wapi leo.

Na pale pale hasira ikachanganyika na hofu. Nikawaza kwamba labda siku nilipoiuza fleti niliuza na hii. Labda wajukuu wangu wamebakiwa na Krismasi moja tu, ile ya gazeti, na ya kwangu itakuwa kitu ambacho bibi alikuwa akifanya zamani, kabla hajapotelea barabarani. Nilikuwa nimetenga sahani zao, nimezifunika. Niliziangalia nikaona aibu, nikazisogeza nyuma ya sukari.

Wageni wakaanza kuaga. Nilipofuta kioo niwaone wakienda, ndipo nikamwona mjukuu wangu mkubwa. Alikuwa peke yake, anakimbia, na chini ya koti lilichungulia pindo la gauni nililomshonea mwaka ule. Akapita ubavuni mwa gari letu, karibu kabisa, bila kugeuza shingo. Akafika kwenye mlango wa jengo, akabonyeza namba za mlango anazozijua siku nyingi, akaingia. Nilitaka kugonga kioo nimwite, kisha nikataka kwanza kuona anakwenda wapi. Taa za ngazi zikawaka ghorofa baada ya ghorofa.

Nikatoka na ndala nilizovaa, nikapanda, magoti yananilaumu. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mwenye hijabu, na kitambaa cha kufutia vyombo begani, alikuwa ameinama akimsikiliza mtoto. Aliponiona alitabasamu, akaniambia kwa Kiswidi kwamba huyu ndiye mdogo kuliko wote walioniulizia leo. Mjukuu wangu akageuka.

“Bibi, kwa nini unatokea chini?”

Aliuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Nikakaa kwenye ngazi, na yeye akakaa karibu yangu akanisimulia. Asubuhi walitayarisha sinia, kahawa na mikate ya zafarani, wakaja nje kutugongea. Gari halipo. Pale liliposimama lami ilikuwa kavu, na kuzunguka kote theluji. Mdogo alilia. Mama alipiga simu, akapiga tena, hakuna anayepokea. Mama akasema basi, babu ameanza safari zake, na akaingia jikoni akafunga mlango. Mchana wote ukapita hivyo. Ndipo yeye akaenda kumwambia mama kwamba leo ni tarehe ishirini na tano, na tarehe ishirini na tano bibi huwa Hjulsta.

“Lakini gari umelipita hapo chini,” nikamwambia.

“Lile ni gari,” akasema. “Mimi nilikuwa nakuja nyumbani.”

Sikujua nifurahi kwamba ameijua njia ya kuja kwangu, au nilie kwamba kwangu alikokuja kuna mtu mwingine anafuta vyombo. Kule chini nikasikia viatu, na binti yangu akatokea amembeba mdogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwomba radhi mwenye nyumba, kisha akanigeukia.

“Mama, hukusema kitu. Tangu Novemba nakusubiri useme. Nikafikiri umeuza nyumba, na Krismasi umeacha.”

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na Machame nzima ya kumjibu, na migomba, na barabara iliyojaa magari. Nikamtazama yule mwanamke aliyesimama kwenye mlango uliokuwa wangu, anatungoja tumalize ili afunge. Nikaona kwamba mtu mwenye nyumba ya magurudumu asiposema iko wapi, hana nyumba. Nikashika chuma cha ngazi nikainuka, nikawaambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa damu yangu.

“Karibuni Krismasi kwangu. Niko chini, kwenye maegesho ya wageni. Chakula kipo.”

Binti yangu akafunika mdomo kwa kiganja. Mjukuu wangu mkubwa akasimama, akavuta gauni lake likae sawa, akaninyooshea mkono kama wanavyofundishwa shuleni. Na safari hii akajibu kwa Kiswahili, polepole, asikosee.

“Asante kwa kutualika, Bibi,” akasema.