Kijia cha Kusindikizana

Salvina hapandi pikipiki. Alipanda mara moja tu, kwenda Nkwenda kung'olewa jino, na mpaka leo husema jino halikumuuma kama ile safari. Kurudi alikuja kwa miguu, shavu limevimba, akisalimia kila aliyekutana naye.

Alizaliwa upande wa pili wa mlima. Aliletwa Nyakatuntu akiwa bibi harusi kwa kijia kinachotoka kwenye migomba ya kwao, kikakata nyasi za rweya, uwanda wa wazi usiolimwa, kikapita mgongo wa mlima penye jiwe pana, kisha kikateremka mpaka uani kwa mumewe. Mume amekwisha kufa. Dada yake Salvina, Eustadia, bado anaishi kulekule kwao. Ukifuata barabara utazunguka mlima mzima, lakini kwa kijia, Salvina akinywa uji wake asubuhi akaondoka, hufika kabla ndizi za mchana za dada yake hazijaiva jikoni.

Zamani kijia kile hakikuwahi kuota nyasi. Walipita wachumba na washenga, walipita wenye vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, kichwani, na kila mtu alijua kila kona inaitwaje. Leo vijana wanajua majina ya madereva wote wa bodaboda hadi mpakani, lakini ukiwauliza jina la kijito wanachokunywa maji yake watakutazama kama umewatukana. Hata kusindikiza mgeni kumekufa. Mgeni husindikizwa kwa macho, vumbi likitulia mwenyeji keshaingia ndani.

Kwa akina Salvina mgeni haachwi mlangoni. Unakwenda naye mpaka kwenye jiwe, na kama umemfikisha mbali mno, yeye naye anaona aibu kukuacha urudi peke yako, anakurudisha kidogo. Salvina na Eustadia waliwahi kurudishana hivyo mpaka mume wa Salvina akapanda mlimani kumtafuta mkewe, akidhani amevunjika mguu, akawakuta wanaagana upya huku wanacheka.

Sasa Edgar, mtoto wa shemeji yake, akachimba mashimo ya mikaratusi kwenye kipande chake cha rweya, na mashimo yakakatiza kijia kutoka ukingo hadi ukingo. Alitaka kuuza nguzo baadaye.

"Edgar, umefukua njia yangu," Salvina alimwambia.

"Njia ipi, mama mkubwa? Pale wanapita sungura."

"Na mimi je?"

"Wewe panda pikipiki kama watu."

Salvina alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mama Ainembabazi, ambaye nyumba yake iko upande uleule wa Eustadia. Mwenyekiti hakutaka kugombana na ukoo wa mtu. Akasema, "Jumapili baada ya misa nitakuja kwako, nikae uani, nitazame mlima kwa macho yangu. Wakipita watu, ni njia. Wasipopita, Edgar apande miti yake."

Salvina alirudi na furaha ya msichana. Akampelekea dada yake ujumbe aje Jumapili na watu wake, akijua watashuka kwa kijia mbele ya macho ya mwenyekiti. Akatandaza nyasi mbichi ndani, akapika ndizi na maharage, akatenga rubisi.

Jumapili ikafika. Mwenyekiti alikuja kwa pikipiki, akaketi uani. Edgar naye akaja, kanzu yake imepigwa pasi, akaketi kando yake. Wakatazama mlima. Mlima nao ukawatazama. Baada ya muda mrefu vikaonekana vichwa vinashuka kwenye nyasi, Salvina akapiga kigelegele. Walikuwa ng'ombe wa jirani yake Anastazi waliopotea zizi.

"Ng'ombe hawapigi kura, mama mkubwa," Edgar akasema.

Basi zikasikika honi barabarani. Pikipiki zikaingia uani kwa mfululizo, na kwenye ya mbele ameketi Eustadia kwa upande, kitenge kipya, nyusi zimejaa vumbi, anashikilia kofia ya dereva kwa mikono miwili. Mkwewe, Celestin, mume wa binti yake, yeye mwenyewe alibaki nyumbani, lakini alikuwa amekodi pikipiki kwa ajili ya ukoo mzima ili kumheshimu mama.

"Dada," Salvina akasema kwa sauti ndogo, "umekuja na hizi?"

"Celestin alisema mgeni wa heshima hatembei," Eustadia akajibu. "Ningemkatalia vipi mkwe?"

Edgar alicheka mpaka akashika ubavu. Mwenyekiti alitazama chini kwa huruma. Salvina aliwakaribisha, akawapa maji ya kunawa, akawapakulia, lakini mwenyewe hakula. Alikuwa anaiona siku atakayosikia kwamba dada yake anaumwa, naye ashindwe kwenda ila kwa kufumba macho nyuma ya mgongo wa dereva.

Walipokwisha kula na kunywa, mwenyekiti akasimama. "Salvina waitu, tunashukuru. Ngoja tuwahi." Madereva wakawasha.

Hapo Salvina alikaza kitenge kiunoni, akasimama katikati ya ua. "Mnaondoka kwenda wapi? Sijawasindikiza."

"Tusindikize basi mpaka barabarani," Eustadia akasema.

"Tangu lini mtu wa kwetu akasindikizwa mpaka barabarani? Nilikosa nini? Chakula kilikuwa kibichi?"

Unaweza kumnyima mwanamke wa Kinyambo mambo mengi, lakini si haki ya kumsindikiza mgeni aliyekula kwake. Kumkatalia ni kutangaza kwamba hukushiba. Eustadia alikuwa wa kwanza kushuka kwenye pikipiki, upesi kuliko mtu wa umri wake. Mwenyekiti akatazama viatu vyake vya kanisani, akaguna, akashuka pia. Madereva wakaambiwa wazunguke bila abiria, wakasubiri upande wa pili.

"Edgar," Salvina akasema, "mwenyekiti nimempa mkungu wa ndizi. Utamwacha mama wa watu aubebe mlimani, wewe umesimama na kanzu?"

Edgar alijitwisha mkungu.

Wakapanda. Walikuwa msururu mzuri, mama wanatania, watoto wanakimbia mbele, Eustadia anataja jina la kila kona na Salvina anamsahihisha. Mwenyekiti akatumbukia kwenye shimo mpaka gotini.

"Edgar! Hili kaburi la nani?"

"La mkaratusi, mheshimiwa."

"Basi umzike mwenyewe!"

Walikuwa hawajafika kwenye jiwe waliposikia makelele yanatoka upande wa pili. Celestin alikuwa ameziona pikipiki zinarudi tupu. Hakungoja kuuliza, akapiga yowe kwamba mama ameanguka njiani, na majirani wote wakashika kijia, maana ndicho kifupi, wenye majembe, wenye machela, mwingine na sufuria aliyoisahau mkononi. Walitokea juu ya mlima wanahema, wakamkuta mgonjwa wao amekaa juu ya jiwe, anatafuna buni za kahawa na kumcheka mwenyekiti.

Kilichofuata watu wa Nyakatuntu wanakisimulia bado. Waliotoka upande wa pili, wakiwa wamefika kwa wenzao bila zawadi, waliona aibu wakasema lazima wawarudishe wenyeji kidogo. Wenyeji waliporudishwa waliona wamefanywa wageni, nao wakageuka kuwasindikiza. Kundi lilishuka na kupanda, likapita mashimo ya Edgar huku na huku mpaka kingo zake zikamomonyoka na mengine yakajifukia yenyewe.

"Mashimo yangu!" Edgar alilia, mkungu bado uko kichwani, maana hakuna aliyemtua.

"Kwani si ulimwambia Salvina ni sungura?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa amevua viatu, amejilaza kwenye jiwe. "Edgar, mwanangu, hii ni njia. Panda miti yako chini ya kijia, na mstari wa kwanza uwe mbali, mtu mwenye mzigo apite bila kuinama. Nimesema mbele ya wote. Sasa nani atanifikisha nyumbani, maana mnanirudisha tu!"

Vigelegele vikapasua mlima. Edgar alinuna kidogo, kisha mtu akampa kahawa ya kutafuna, na haiwezekani kununa vizuri na kahawa mdomoni.

Jua lilipolala, Eustadia akamkumbatia dada yake. "Rudi sasa, umenifikisha."

Salvina alitazama upande wake wa mlima, akatazama wa dada yake, akamshika mkono.

"Edgar!" akaita akiwa tayari anateremka kwenda kwao. "Ukitua huo mkungu kwa mwenyekiti, urudi nyumbani uwape mbuzi wangu majani. Mimi nitakuja kesho, au keshokutwa. Nitajua mwenyewe, njia ipo."